Bei Ipo, Mnunuzi Hayupo

Mpeasi wa kwanza uliangushwa kabla mtu yeyote hajabisha hodi. Hamida alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia panga likigonga shina, akadhani ni mume wake anapunguza matawi. Alipochungulia aliona ua umejaa watu. Wengine walikuwa wamesimama juu ya tuta la karoti, wanakanyaga tu kama ardhi isiyo na mwenyewe, na mmoja wao alikuwa tayari ameugeukia mpeasi wa pili. Jiwe likapiga bati. Jingine likavunja kioo cha dirisha la chumbani.

"Abuu Sheshe, toka nje utuuzie hisa zetu."

Abuu alitoka na kanzu aliyotoka kuswalia alasiri. Ni yeye aliyewaleta watu wa Baini huku vitongojini juu ya Mlalo, wakati kampuni hiyo ndogo ilipokuwa ikitafuta wanahisa wa kuchangia mtaji wa kutengeneza vipimo vya haraka vya malaria. Tone la damu, kijiti cha plastiki, robo saa, jibu. Wakulima walikuwa wamechoka kuzika fedha zao kwenye magunia ya viazi ambayo dalali wa Tanga huyapangia bei anavyotaka. Walinunua. Bei ya hisa ikapanda, na Abuu akawa mtu wa kupungiwa mkono na walio ng'ambo ya bonde. Halafu mamlaka ya dawa ikazuia vipimo vya Baini visiuzwe tena, kwa kuwa vilikuwa vinawaambia wagonjwa kuwa ni wazima.

"Sikilizeni," Abuu alisema. "Hisa hazijapotea. Hata bei ipo, fungueni simu zenu mtazame. Bei ipo, mnunuzi hayupo."

"Bei gani hiyo isiyo na mnunuzi?" akauliza mama mmoja muuza kabichi. "Mimi nikipanga kabichi zangu sokoni, asije hata mmoja mpaka zikaoza, nirudi nyumbani niseme bei ipo?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko mawe. Mwanamume mmoja ambaye Abuu alimfundisha kusoma Kurani alisogea akampiga kofi. Kofia ya Abuu ikaangukia matopeni. Alipoinama kuiokota, mtu akaikanyaga. Abuu alibaki ameinama hivyo hivyo, mkono umeshika ukingo wa kofia, akingoja ule mguu uondoke.

Kaka yake mkubwa, Ismaili, alikuwa katikati ya watu hao. Aliuza ng'ombe wawili kununua hisa.

"Kaka," Abuu alimwambia alipoinuka, "waambie basi waache miti."

"Leo usiniite kaka," Ismaili akajibu. "Leo nimekuja kama mwanahisa."

Mmoja tu hakuwa amerusha jiwe wala kusema neno. Huyo ni Anord, mkulima wa viazi, Mlutheri, ambaye shamba lake lilitenganishwa na la Abuu kwa mfereji tu. Alikuwa mgane. Mwezi wa Ramadhani mke wake Mariamu aliteremka Mng'aro, tambarare kwenye mbu, kununua mpunga, akarudi na homa. Anord alimtoboa kidole mwenyewe kwa kipimo cha Baini, maana alikuwa na boksi zima na aliliona kuwa ni mali yake. Mstari ukatokea mmoja: si malaria. Kesho yake akapima tena. Mmoja. Akampa vidonge vya maumivu na kumwambia apumzike. Mariamu alipoanza kuweweseka walimfunga kwenye machela, na hawakufika nusu ya njia ya kwenda hospitali.

"Abuu," Anord alisema sasa, na watu wakanyamaza. "Nina swali moja. Yuko mtu wa nyumba hii aliyeuza?"

"Hayupo."

"Wewe?"

"Sikuuza hata moja. Ningewezaje kuwa wa kwanza kukimbia?"

"Na Mama Wema?"

"Mke wangu ana zake kwa jina lake, na ziko pale pale." Abuu aliinua mkono wake wenye tope. "Naapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, hakuna wa nyumba hii aliyeuza."

Hamida alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kiazi mkononi, kisu mkononi. Aliwaona watu wakimgeukia, kisha wakimgeukia tena mume wake. Wakakubaliana kwamba asubuhi Abuu, Ismaili na Anord waende Lushoto kwa wakala wa Baini, waulize kama kuna mnunuzi wa bei yoyote ile. Walipoondoka, mipeasi mitatu ilikuwa chini na matunda mabichi yametapakaa. Abuu aliosha kofia yake kwenye ndoo.

"Angalau wameamini kiapo," alisema.

Hamida alirudi jikoni akaendelea kumenya viazi.

*

Wakala aliitwa Kristian. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, na siku hizi alifunga mlango kwa ndani. Aliwafungulia baada ya kuwachungulia vizuri.

"Karibuni, wazee wangu. Mmoja akae, viti vingine vimevunjwa juzi."

Hakuna aliyekaa.

"Tutafutie mtu wa kununua," Ismaili alisema. "Nusu ya bei. Robo ya bei. Tumeshakubali hasara."

"Nimtoe wapi, mzee? Baini haiko kwenye soko kubwa la hisa, mtu akaamka Dar es Salaam akanunua hisa za mtu asiyemjua. Ni kampuni ndogo. Huku wa kuuza na wa kununua ni nyinyi kwa nyinyi. Mmoja akitoka, mwenzake ndiye anayeingia. Sasa wote mko mlangoni mnataka kutoka." Kristian alifungua droo, akaifunga. "Mimi mwenyewe ninazo. Mke wangu haongei na mimi."

"Kwa hiyo hakuna aliyeuza?"

"Tangu vizuiliwe? Hakuna. Mauzo ya mwisho kupitia hapa yalikuwa mwezi wa Shaabani."

"Ya nani?"

Kristian alimtazama Abuu kama mtu anayetaniwa. "Mnaniuliza mimi? Mama Wema alikuja mwenyewe. Aliuza zote. Alikuwa na haraka, hata bei akaishusha kidogo." Akamgeukia Anord. "Si nilikupigia wewe? Ukasema Abuu amekushauri, bei ikilegea ndiyo wakati wa kuongeza. Zile fedha za viazi vyako vya masika zilikwenda kwenye hisa zake."

Ismaili akamkamata mdogo wake kisogoni na kumgongesha uso kwenye meza. Alimgongesha tena. Kioo cha meza kikapasuka, damu ikatiririka kwenye nyufa zake, na jino la Abuu likadondoka sakafuni.

"Uliapa," Ismaili alisema, akihema. "Umenisimamisha mbele ya watu nikaamini kiapo cha mtoto wa mama yangu."

"Sikujua," Abuu alisema na mdomo umejaa damu. "Kaka, sikujua."

"Wazee, kioo," Kristian alinong'ona. "Kioo cha watu hicho."

Anord hakumgusa mtu. Alisimama akiangalia ukutani, kwenye picha ya mama aliyempakata mtoto mwenye afya, na juu yake maneno makubwa ya Baini.

"Alisema kwa nini anauza?"

"Hakusema. Mtu akiuza hatumuulizi sababu."

Anord akatoka. Ismaili akamfuata. Walipanda gari la kurudi Mlalo, na Abuu alipokuja akikimbia, leso imeloa damu mdomoni, Ismaili aliuvuta mlango akaufunga. Abuu alilipata lori la mbolea baada ya adhuhuri. Dereva hakutaka damu kwenye kiti chake, akamkalisha nyuma juu ya mifuko.

*

"Uliuza," Abuu alisema.

Hamida alikuwa uani akikusanya mapeasi mabichi ili ampe mbuzi. Aliona mdomo wa mume wake ulivyovimba, akajua.

"Niliuza."

"Nimeapa."

"Nilikusikia."

"Ukaniacha niape."

Hamida aliingia ndani, kwa maana hakutaka majirani wasikie. Abuu aliokota mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta akamfuata. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumnyanyulia mkono, na pigo la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua kupiga: lilimpata Hamida begani, likateleza. La pili lilimpata nyongani akapiga magoti. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kitanda na kungoja lijalo.

"Fedha ziko wapi?"

"Ada ya Wema chuoni. Na bati la jikoni. Uliponiuliza nimelipata vipi, ukasema mke wangu anajua kubana."

Mpini ukashuka mgongoni.

"Nani alikwambia uuze?"

"Hakuna aliyeniambia niuze." Hamida alikuwa anavuta pumzi kwa shida. Wema, binti yao wa pekee, alikuwa Tanga akisomea uuguzi. "Wema alipiga simu. Yuko wodini kwa mazoezi. Akasema vipimo vya Baini wameviweka kando. Mtu anatetemeka homa, kipimo kinasema mzima. Nikajua habari zikifika huku, bei itaanguka."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia, ungesimama msikitini ukawatangazia. Wote wangetaka kuuza. Nani angenunua zangu?"

Abuu aliinua tena mpini, lakini macho ya Hamida hayakuwa kwake. Yalikuwa mlangoni. Anord alikuwa amesimama hapo na panga, na jinsi alivyolishika, kwa ncha kuelekea chini, ilionekana amekuja nalo kwa ajili ya mwanamume aliyemshauri anunue. Sasa alikuwa amesikia jambo jingine.

"Wema alikupigia lini?" aliuliza.

Hamida alijivuta akaegemea kitanda.

"Mama Wema. Nakuuliza kwa heshima. Lini?"

"Mwisho wa Shaabani."

"Kabla Mariamu hajateremka Mng'aro."

"Kabla."

"Na alipolala, ulikuja. Ulimletea uji."

"Nilimletea."

"Ulinikuta nimeshika kipimo. Nilikuonyesha. Nikakwambia, tazama, si malaria."

"Nilikiona."

"Ukasema nini?"

Hamida alilowesha midomo yake. "Nilisema Mungu amponye."

Anord hakupaza sauti. Aliingia ndani kama mtu anayeingia kwake na kulishusha panga kwa mikono miwili. Hamida aliinua mkono wa kulia kukinga uso. Panga lilipita kwenye vidole, likachana kiganja mpaka karibu na kifundo, na vidole vitatu vikaanguka kwenye mkeka. Pigo la pili liliingia kwenye ubao wa kitanda na kukwama. Alipokuwa akilichomoa, Abuu alimpiga mpini wa kichwa.

Anord akayumba. Abuu akampiga tena, usoni, na alipoanguka akaendelea kumpiga pale chini: kichwani, mbavuni, kichwani. Alikuwa analia na kupiga, na haikujulikana ni nani anayempiga, kama ni Anord, au Ismaili, au mguu uliokanyaga kofia yake. Jicho moja la Anord lilikuwa halionekani tena kwa damu. Mpini ulipovunjika Abuu alishika kipande kilichobaki.

"Baba Wema," Hamida alisema. Alikuwa ameukunja mkono wake ndani ya kanga, na kanga ilikuwa imegeuka nyekundu na nzito. "Mwache. Watoto wake hawana mama."

Abuu alisimama, huenda kwa maneno hayo, huenda kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka. Akakaa chini sakafuni, katikati ya mtu aliyemkata mke wake na mke ambaye yeye mwenyewe alimpiga. Nje watu walikuwa wanakuja mbio kutoka mashambani. Walijaa tena ua ule ule, safari hii bila mawe, na hakuna aliyeuliza habari za hisa. Ismaili ndiye aliyeleta machela. Zililetwa mbili.

*

Wema alifika kutoka Tanga na sare yake ya chuo ndani ya mfuko. Alimkuta mama yake kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Wodi ya wanaume, upande wa pili wa ukumbi, Anord alikuwa amelala na kichwa kimefungwa na pingu kwenye chuma cha kitanda. Madaktari walisema ataishi, lakini jicho la kushoto limekwisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Baba mkubwa anasema umekatwa kwa ajili ya hisa. Hisa zipi?"

"Zangu. Ulipopiga simu, nikaenda nikauza."

Wema aliuweka mfuko wake sakafuni. Alikuwa binti mwembamba, mwenye paji la uso la baba yake. "Nilipopiga simu," alirudia. "Mama, nilikupigia ili muache kuvitumia. Nilikwambia uwaambie majirani wavitupe. Sikutaja hisa."

"Hukutaja."

"Nilikwambia mwambie hata mama jirani, Mariamu, maana nilijua mume wake ana boksi zima."

"Ulisema, mwanangu. Ulisema vizuri kabisa." Hamida aligeuza uso ukutani. "Mimi nilisikia bei."

Wema aliinuka akaenda kwenye sinki la wodi. Alinawa mikono, akanawa tena, maji yakitiririka muda mrefu hata muuguzi wa zamu akamtupia jicho. Aliporudi hakukaa.

"Ada ya muhula huu ilitoka huko?"

"Huko huko."

Wema alichukua bandeji mpya, akafungua ile ya zamani na kusafisha kidonda cha mama yake kwa uangalifu, kama alivyofundishwa. Wote wawili walilia, kila mmoja akitazama upande wake.

Jioni Ismaili alikuja na Abuu. Abuu alibaki amesimama miguuni pa kitanda. Ismaili alikaa, akakohoa.

"Shemeji, pole. Tumekaa kikao, sisi na ukoo wa Anord. Tumeona haya mambo yaishe. Polisi wakija kuchukua maelezo, wewe useme uliteleza na panga shambani. Anord aseme alianguka kwenye tuta. Wanahisa hawatamdai tena Abuu chochote, nami nikiwemo. Mkono kwa hisa. Watu waendelee kulima."

"Na Mariamu?"

"Mariamu hakuwemo kwenye kikao. Yeye alikufa kwa homa."

"Umekubali?" Hamida alimuuliza mume wake.

"Tusipokubaliana watarudi," Abuu alisema. Bila jino sauti yake ilikuwa inavuja. "Watarudi kumaliza mipeasi, kisha nyumba. Na mimi, Mama Wema, nimempofusha mtu."

"Basi mimi sikuwemo kwenye kikao hicho," Hamida alisema. "Niitieni polisi."

Ismaili alisimama. Alimwambia Abuu kwa Kishambaa kwamba mwanamke huyu ameimaliza nyumba mara moja na sasa anataka kuimaliza tena. Abuu aliinama akalivuta shuka lililokuwa limeteleza, akamfunika Hamida miguu, ndipo akamfuata kaka yake nje.

*

Askari aliyechukua maelezo kituoni, Hamida alipotoka hospitali, alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, aliyemsogezea Hamida kiti na kumsaidia kukaa. Wema alisimama nyuma yake. Hamida alisema yote kama yalivyokuwa: jinsi Abuu alivyompiga, jinsi Anord alivyoingia, jinsi panga lilivyoshuka, jinsi Abuu alivyoshindwa kuacha. Askari aliandika haraka.

"Asante mama. Hii inatosha. Weka dole gumba hapa, la kushoto."

"Haijaisha. Andika na ya mbele yake."

"Ipi?"

"Nilijua vipimo vile ni vibaya. Niliambiwa mapema. Nikanyamaza ili niuze. Nikamwona jirani yangu anampima mke wake kwa kitu ambacho nilijua kinadanganya, nikaacha. Mke akafa."

Askari aliweka kalamu chini. Alimtazama Wema, kama anayeomba msaada, lakini Wema alikuwa anatazama sakafu.

"Mama, una maumivu. Hilo si la hapa. Kuuza mali yako si kosa."

"Na kunyamaza?"

"Kunyamaza hakuna kifungu. Nitamshtaki nani, kwa sheria ipi? Kipimo hukutengeneza wewe. Malaria hukuleta wewe." Alishusha sauti. "Na nikiandika, utakuwa unamsaidia aliyekukata. Hakimu atasema huyu alichokozwa."

"Najua. Andika."

"Utalisema mwenyewe mahakamani, ukiulizwa."

"Nisipoulizwa?"

Askari alifunga jalada lake taratibu. Akasogeza kidau cha wino. Hamida alikitazama, akachovya dole gumba la kushoto na kulikandamiza pale alipoonyeshwa, chini ya maneno ambayo yote yalikuwa kweli.

Nje, kwenye benchi la kituo, alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye kanga nyeusi. Alikuwa mama yake Mariamu. Kando yake kulikuwa na sufuria iliyofungwa kitambaa, chakula cha mkwe wake aliyewekwa mahabusu humo, na mtoto wa mwisho wa Anord amelala mapajani pake. Wema alijaribu kumvuta mama yake wapite upande wa pili wa ua. Hamida alijitoa mkononi mwake, akaenda mpaka mbele ya benchi, akainama.

"Shikamoo mama."

Bibi yule alikuwa mtu wa zamani. Katika maisha yake hakuwahi kuiacha salamu ya mtoto ikaanguka chini, hata ya mlevi, hata ya mwizi. Aliinua macho, akautazama uso wa Hamida, akautazama mkono uliofungwa, kisha akaurudisha mkono wake kwenye kichwa cha mtoto na kuendelea kukipapasa.

Wema aliita, "Mama, twende." Hamida hakuinuka. Alibaki ameinama pale pale juani, mkono mbovu ameulaza kifuani, akingoja.